Mvinyo mweupe ni kama mboga za Mgeta, usipotunzwa thamani yake hupotea

MFANYABIASHARA wa mboga katika Soko Kuu la Chifu Kingalu au soko la Mawenzi mjini Morogoro hahitaji kufundishwa maana ya bidhaa mbichi. Anajua kwamba karoti na kabichi zilizoshuka usiku kutoka Mgeta zina bei moja alfajiri na bei nyingine saa nane mchana, na kwamba zikilala siku ya pili juani zitaishia kwa mwenye ng'ombe. Anajua pia kuwa mara nyingi hasara hiyo haikutokea shambani. Ilitokea njiani na mezani, kwa sababu ya jua, joto na siku zilizopita.

Lakini mfanyabiashara huyo huyo akifungua grosari, huichukua chupa ya mvinyo mweupe wa zabibu na kuisimamisha kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana, akiamini kuwa kilevi hakiozi. Miezi minane baadaye mteja anaifungua, anaonja, anakunja uso na kusema mvinyo wa Dodoma haufai. Siku nyingine ananunua bia, au chupa iliyotoka nje ya nchi.

Makala haya yanaeleza mvinyo mweupe wa aina hii ni kitu gani, unatunzwaje na unanywewaje ili mnywaji aufaidi, na kwa nini jambo linaloonekana la anasa linagusa mfuko wa mkulima wa zabibu na wa muuzaji mdogo wa Morogoro.

Mvinyo mweupe "mbichi" ni upi?

Watu wengi wamezoea kusikia kuwa mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mzuri. Maneno hayo ni ya kweli kwa mivinyo michache, hasa baadhi ya mivinyo myekundu mizito na mivinyo mitamu iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya kukaa miaka mingi. Sehemu kubwa ya mvinyo mweupe unaouzwa duniani hutengenezwa ili unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili tangu zabibu zivunwe.

Tofauti inaanzia kiwandani. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na maganda hayo ndiyo huupa rangi na ule ukakasi unaokausha ulimi. Ukakasi huo pia husaidia kuulinda dhidi ya hewa. Kwa mvinyo mweupe, zabibu hukamuliwa kwanza, maganda yakaondolewa, na mchuzi peke yake ndio unaotiwa hamira na kuchachuka. Kwa hiyo mvinyo mweupe huanza maisha yake ukiwa na kinga ndogo zaidi.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuuweka mvinyo katika mapipa ya mbao za mti wa mwaloni. Mapipa hayo huingiza hewa kidogo kidogo na kuupa mvinyo harufu ya vanila, moshi na mkate uliookwa. Njia ya pili ni kuuweka katika matangi ya chuma kisichoshika kutu, yaliyofungwa vizuri na kupozwa, bila kugusa ubao wowote. Mvinyo wa njia ya pili hubaki na harufu ya tunda lenyewe: limau, tufaha bichi, pea, wakati mwingine majani yaliyokatwa sasa hivi. Hubaki pia na ule uchachu mwepesi unaofanya mate yajae mdomoni kama mtu aliyelamba kipande cha ndimu.

Huo ndio mvinyo ninaouita "mbichi" katika makala haya. Hauna mbao wala sukari ya kuficha makosa. Ukiharibika, kila mtu atajua.

Hispania ilivyobadilika

Nchi ya Hispania ni mfano mzuri kwetu kwa sababu sehemu zake nyingi za zabibu ni kavu na zenye jua kali, kama ilivyo Dodoma. Kwa muda mrefu mivinyo myeupe mingi ya huko ilikuwa mizito, yenye rangi ya kahawia na isiyo na harufu ya tunda. Joto wakati wa mavuno na wakati wa kuchachusha liliua ubichi wote kabla chupa haijafungwa.

Katika eneo la Rueda, karibu na Mto Duero kaskazini ya kati ya nchi hiyo, zabibu nyeupe ya asili iitwayo Verdejo ilitumika zaidi kwa mvinyo wa kukaa kwenye mapipa kwa muda mrefu. Mwaka 1972 kampuni ya Marqués de Riscal, iliyojulikana kwa mvinyo mwekundu wa Rioja, iliamua kutengeneza mvinyo wake mweupe huko Rueda kwa njia mpya ya usafi, matangi ya chuma na ubaridi. Mwaka 1980 Rueda ilipata hadhi rasmi ya jina la asili linalolindwa kisheria. Leo mashamba mengi ya huko huvuna usiku ili zabibu zifike kiwandani zikiwa za baridi.

Upande wa kaskazini magharibi, katika Galicia yenye mvua nyingi, zabibu iitwayo Albariño ilipata jina lake rasmi la Rías Baixas mwaka 1988. Huko mizabibu hupandishwa juu ya vichanja virefu ili upepo upite chini na ukungu usishike matunda. Mvinyo wake hunywewa na samaki na vyakula vingine vya baharini.

Anayekutana na chupa ya Kihispania dukani anaweza kusaidiwa na maneno machache ya kwenye lebo. "Blanco" maana yake ni mweupe. "Joven" maana yake ni kijana, yaani mvinyo uliouzwa mapema, ambao kwa kawaida haukukaa kwenye pipa au ulikaa kidogo sana. "Crianza" huonyesha mvinyo uliotunzwa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa, na "fermentado en barrica" ni uliochachukia ndani ya pipa. Anayetafuta mvinyo mbichi achague ya kwanza na aangalie mwaka wa mavuno. Mwaka wa karibuni zaidi ndio bora.

Tunachopaswa kukiona hapa ni kwamba Hispania haikubadilisha jua lake. Ilibadilisha saa ya kuvuna na kiwango cha joto kuanzia shambani hadi kwenye chupa. Walichofanya ni kuichukulia zabibu kama bidhaa inayoharibika, na kuilinda hivyo.

Dodoma ina faida isiyotumika

Zabibu zililetwa Dodoma na wamisionari wa Kanisa Katoliki, na Bihawana ndipo zilipopata umaarufu katika miaka ya 1950. Baadaye Serikali iliingia katika biashara hiyo kupitia kampuni ya umma ya DOWICO. Kampuni hiyo ilipoporomoka, wakulima wengi waliachwa bila mnunuzi. Viwanda binafsi vilivyofuata, kikiwamo cha CETAWICO kule Hombolo, vilirudisha matumaini. Kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kimeendelea kushughulikia mbegu na utunzaji wa mizabibu.

Kwa mvinyo mweupe, zabibu kuu ya Dodoma ni Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la Mto Loire nchini Ufaransa, na nchi inayoongoza kwa kuilima sasa ni Afrika Kusini. Sifa yake kubwa kwa mkulima wa nchi ya joto ni kwamba hubaki na uchachu wake hata jua likiwa kali, mahali ambapo zabibu nyingine hupwaya na kutoa mvinyo usio na uhai.

Dodoma ina jambo jingine ambalo Hispania haina. Mizabibu yake huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Hispania huvuna mara moja. Aidha, chupa ya Kihispania husafiri wiki nyingi baharini kupita maeneo ya joto kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam, wakati Dodoma iko takriban kilomita 260 tu kutoka Morogoro kwa barabara. Tangu katikati ya mwaka 2024 kuna pia treni ya kisasa inayounganisha miji hiyo na Dar es Salaam, na abiria wake ni wateja wapya wa hoteli na migahawa ya Morogoro.

Kwa maneno ya kiuchumi, ubichi ndiyo bidhaa ambayo sisi tunaweza kuiuza kwa gharama ndogo kuliko mgeni. Serikali nayo imeweka ushuru wa bidhaa ulio mdogo kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za hapa nchini, ukilinganisha na mvinyo unaoagizwa nje. Hata hivyo, nafuu ya kodi na ukaribu wa kiwanda havisaidii kitu ikiwa chupa iliyotoka Dodoma ikiwa nzima inaharibika ndani ya duka.

Tatizo hilo hurudi hadi shambani. Mnywaji akichukizwa, muuzaji huagiza kidogo. Muuzaji akiagiza kidogo, matangi ya kiwanda hubaki yamejaa mchuzi wa zabibu wa msimu uliopita. Matangi yakiwa yamejaa, kiwanda hakiwezi kupokea zabibu za msimu mpya, na mkulima wa Hombolo, Mpunguzi au Chinangali huambiwa asubiri. Zabibu iliyoiva haisubiri. Kwa nyakati mbalimbali wakulima wa Dodoma wamelalamika kuwa matunda yao yanaharibikia mashambani kwa kukosa mnunuzi. Sababu za kilio hicho ni nyingi, lakini chupa inayonyweka vibaya ni mojawapo, na hiyo inaweza kurekebishwa na muuzaji mwenyewe bila kusubiri mkopo.

Hesabu ya muuzaji mdogo

Tuchukue hesabu ya mfano, ambayo msomaji ataibadilisha kulingana na bei za mtaani kwake. Muuzaji ananunua katoni ya chupa 12 kwa Sh12,000 kila chupa, jumla Sh144,000. Anauza kila chupa Sh16,000. Zikiuzwa zote, anapata Sh192,000, na faida kabla ya kodi ya pango na umeme ni Sh48,000.

Sasa chupa tatu ziharibike kwa jua na kurudishwa na wateja. Atauza tisa tu, na tisa mara Sh16,000 ni Sh144,000. Amerudisha mtaji, faida ni sifuri. Umeme, barafu na nauli vyote ametoa mfukoni.

Kwa anayeuza kwa glasi, hesabu ni kali zaidi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Kwa Sh4,000 kila glasi, chupa moja inaleta Sh20,000. Lakini akiuza glasi tatu jioni ya kwanza na kuacha chupa wazi kaunta hadi kesho kutwa, glasi mbili za mwisho hazinyweki. Amepata Sh12,000, sawasawa na aliyonunulia.

Ndiyo maana nasema gharama ya friji na ya kizibo kizuri si anasa. Katika biashara hii, hapo ndipo faida yote ilipo.

Namna ya kununua na kutunza

Nunua kidogo na mara kwa mara. Kama unauza chupa sita kwa wiki, usiweke akiba ya miezi sita kwa sababu tu umepewa punguzo. Dai mzigo wa karibuni. Lebo isipokuwa na mwaka wa mavuno, tafuta tarehe ya kufungashwa. Iliyotangulia kuingia dukani itangulie kutoka.

Weka chupa mahali penye giza na ubaridi, mbali na dirisha na mbali na jiko. Stoo yenye paa la bati lisilo na dari hugeuka tanuri mchana, hasa kati ya Oktoba na Februari mjini Morogoro. Mvinyo ukipata joto hutanuka, husukuma kizibo na kuingiza hewa. Juu ya friji pia si mahali pazuri, kwa sababu joto la mashine hupanda hapo. Chini kabisa, karibu na sakafu ya saruji, ni afadhali.

Chupa yenye kizibo cha gome la mti ilazwe ili kizibo kibaki na unyevu. Yenye kifuniko cha kusokota inaweza kusimama. Chupa za kioo cheupe zifichwe zaidi, kwa sababu mwanga peke yake unaweza kuharibu harufu ya mvinyo hata bila joto.

Wakati wa kusafirisha, fanya kama mfanyabiashara wa Mgeta anavyofanya na matenga yake: safiri usiku au alfajiri. Katoni isikae kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani, wala isiwekwe karibu na injini ya basi. Saa tatu za uzembe zinaweza kufuta kazi ya msimu mzima.

Namna ya kuunywa

Mvinyo mweupe mbichi hunywewa ukiwa baridi, kati ya nyuzi joto 8 na 10 za Selsiasi. Ukiwa wa joto, pombe ndiyo hutangulia puani na uchachu huonekana kama siki. Ukiwa wa baridi kupita kiasi, hauna harufu wala ladha, na mnywaji hatajua amekunywa nini.

Chupa iliyokuwa kwenye joto la kawaida la Morogoro inahitaji karibu saa tatu ndani ya friji. Mteja akija ghafla, chukua ndoo, tia barafu na maji nusu kwa nusu, ongeza konzi ya chumvi, zamisha chupa hadi shingoni. Baada ya dakika 20 hadi 30 iko tayari. Barafu tupu bila maji huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa haiishiki chupa pande zote. Usiitie chupa kwenye friza na kuisahau. Mvinyo ukiganda hutanuka na unaweza kutoa kizibo au kupasua chupa.

Usimwekee mteja barafu ndani ya glasi bila yeye kuomba. Barafu huyeyuka, na alicholipia kinageuka maji.

Glasi iwe safi na kavu, isiyo na harufu ya sabuni wala ya samaki. Yenye mguu ni nzuri kwa sababu mkono hauupashi mvinyo joto. Mimina hadi theluthi moja au nusu tu, uache nafasi ya harufu kukusanyika. Zungusha glasi taratibu, nusa, kisha piga funda dogo na ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Mvinyo mzuri wa aina hii una mambo matatu: harufu ya tunda inayotambulika, uchachu unaoamsha mate, na ladha inayobaki mdomoni sekunde kadhaa bila ukali wa kuunguza.

Chupa ikishafunguliwa, izibwe mara moja na kurudishwa kwenye friji. Itadumu siku mbili, pengine tatu. Baada ya hapo mpishi aitumie kupikia kuku au samaki, lakini isiuzwe kwa glasi.

Chakula gani kinaufaa?

Kanuni rahisi ni hii: popote unapokamua ndimu, mvinyo mweupe mbichi unafaa. Perege wa kukaanga, kamba wa kuchoma, kuku wa kienyeji aliyepakwa limau na chumvi, hata kitimoto kwa wanaokula, vyote vinapendeza nao kwa sababu uchachu wake hukata mafuta. Njegere na mboga za majani za Mgeta zilizopikwa kwa mafuta kidogo zinakwenda nao pia.

Huko Mgeta, kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), wakulima walianza kufuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway katika miaka ya 1980. Jibini ya maziwa ya mbuzi ni mwenzi wa siku nyingi wa mvinyo wa Chenin Blanc kule Loire. Mwenye mgahawa wa watalii wanaopanda Uluguru hadi Morningside anaweza kufikiria sahani ndogo ya jibini ya mbuzi na glasi moja ya mvinyo wa Dodoma.

Samaki wa nazi huhitaji mvinyo wenye mwili kidogo, lakini bado unakubali. Pilipili nyingi haipatani na mvinyo mkavu, yaani usio na sukari, kwani huufanya uonekane mkali zaidi. Hapo mpe mteja ulio na utamu kidogo. Nyama choma ya ng'ombe iachie mvinyo mwekundu. Nanasi na keki ni vitamu kuliko mvinyo huu, na ukivila pamoja mvinyo utaonekana umechacha. Chakula kisiwe kitamu kuliko kinywaji.

Kuutambua ulioharibika

Mvinyo mweupe mbichi una rangi ya majani makavu au ya kijani hafifu. Ukiona umekuwa kahawia kama chai ya rangi, hewa au joto limeshauingia. Ukinuka siki, bakteria wameugeuza. Ukinuka tufaha lililopondeka au gazeti lililolowa, una kasoro. Mvinyo tulivu unaotoa mapovu mengi huenda umeanza kuchachuka upya ndani ya chupa. Rudisha kwa msambazaji, na mrudishie mteja fedha yake bila ubishi. Gharama ya chupa moja ni ndogo kuliko ya mteja anayeondoka akisimulia.

Kuna jambo moja linalowatisha watu bure. Chupa ikikaa kwenye ubaridi, huweza kuonekana chembe nyeupe zinazong'aa chini yake, kama sukari au vipande vya kioo. Hizo ni chumvi za asili za zabibu zilizoganda kwa baridi. Hazina madhara. Mweleze mteja, kisha mimina taratibu zibaki chini.

Mkulima wa Uluguru ananufaikaje?

Huenda mkulima wa Matombo au Kinole akauliza kama naye apande mizabibu. Jibu langu ni hapana, si kwa ajili ya mvinyo. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukungu ungemaliza zabibu kabla hazijaiva. Galicia ina mvua nyingi pia, lakini ina baridi ambayo sisi hatuna, na uzoefu wa vizazi vingi. Zabibu inapenda ukavu wa Dodoma. Uluguru ibaki na mdalasini, pilipili manga, ndizi na nanasi.

Lakini somo la ubaridi, usafi na haraka ni la wote. Vikundi vinavyotengeneza mvinyo wa nanasi au wa choya vinakabiliwa na tatizo lile lile. Tunda lichumwe asubuhi na mapema na kusindikwa siku hiyo hiyo, vyombo viwe vya chuma kisichoshika kutu au plastiki ya daraja la chakula, tangi lijazwe hadi juu ili hewa isibaki, na joto la kuchachusha lidhibitiwe. Kikundi kisichoweza kununua mashine ya kupozea kinaweza kufanyia kazi miezi ya Juni na Julai, wakati milima ina baridi yake ya bure, kwa matunda yanayopatikana wakati huo. Kabla ya kuuza, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) haikwepeki.

Sheria na kiasi

Anayeuza lazima awe na leseni ya vileo chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na asimuuzie mtu aliye chini ya miaka 18. Tangu mwaka 2019 mvinyo unatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Chupa isiyo na stempu, hata iwe rahisi kiasi gani, inaweza kukugharimu mzigo wote.

Mvinyo huu ni mwepesi mdomoni lakini si mwepesi kichwani. Wenye kilevi cha asilimia 12, chupa moja ya mililita 750 ina kilevi kinachozidi chupa tatu na nusu za bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Glasi mbili pamoja na chakula zinatosha kwa mtu mzima mwenye afya. Dereva na mjamzito wasiguse. Na wapo wasomaji wengi ambao imani yao hairuhusu kilevi. Uamuzi wao uheshimiwe na wasishawishiwe.

Kwa wanaouza, hatua ya kwanza inaweza kuchukuliwa leo kabla ya kufunga duka. Zitoe chupa nyeupe kwenye rafu ya dirishani, ziweke chini gizani, tia mbili kwenye friji, na kesho mwonjeshe mteja mmoja funda dogo la baridi kabla hajaagiza bia yake. Akirudi kuomba glasi nzima, utakuwa umemsaidia mkulima wa Hombolo kupunguza ujazo wa tangi kabla msimu mpya haujaingia, na nawe utakuwa umepata cha kupeleka nyumbani.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.